Bibi wa Filamu na Bibi wa Kalundu

Nyumbani kwetu Uvira watoto walikuwa wanacheka sana mbele ya televisheni. Ilikuwa ile filamu ya Marekani iliyotengenezwa tangu 1964 hadi 1972, ambayo kwa Kifaransa tunaiita « Ma sorcière bien-aimée ». Samantha anatikisa pua, na kazi ya nyumba inakwisha. Bwana yake, Jean-Pierre, ni mtu wa kawaida. Usiku wa arusi bibi anamwambia ukweli: mimi ni mlozi. Anashituka, lakini anabaki naye. Anayemsumbua zaidi ni mama mkwe! (Mwaka 1969 walibadilisha mtu wa kucheza bwana, na bibi hakushangaa hata kidogo.) Hata mimi mchungaji nilicheka.

Jioni ile kijana mmoja akabisha hodi. Alitoka Misisi kuchimba zahabu, akakuta mtoto wao amekwisha kuzikwa. Homa. Ndugu zake wakamwambia: bibi yako ndiye mlozi.

« Pasta, niombee, namrudisha kwao. »

« Umeona nini kwa macho yako? »

« Sijaona kitu. Wanasema tu. »

Hapa ndipo sisi wachungaji tunaangukaga. Nilitaka kujibu « tutaomba », maana ndugu zake ni watu wa kanisa langu na wanatoa vizuri. Lakini Samantha alikiri, na hakufukuzwa. Huyu dada amekiri nini?

Tukaenda Kalundu pamoja. Tulimkuta anaanika ndagala. Hakusimama. Alimwangalia bwana yake, akamuuliza: « Umekula? »