Kipimo cha Furaha Siku ya Matembezi



Kila ipitapo Idi, baraza yangu hupata wageni ambao hawakuja kunipa mkono wa Idi. Huja mke akalalama kuwa mumewe amenuna tangu siku ya matembezi. Huja mume akasema fedha zimekwisha na hakuna aliyemwambia ahsante. Na mtoto akiulizwa, husema alisimama kwenye foleni ya pembea mpaka magharibi. Wote walitoka nyumbani na nguo mpya na nyuso za bashasha, wakarudi hawasemezani. Ukichunguza, huoni kosa kubwa alilolitenda yeyote kati yao. Lililowaharibia siku ni kwamba kila mmoja alitoka na siku yake kichwani, asimwambie mwenzake.

Matembezi ya Idi ni ada yetu ya tangu na tangu. Mombasa watu hujaa Makadara. Unguja watoto hufurika Mnazi Mmoja na kwenye uwanja wa kufurahishia watoto wa Kariakoo. Malindi hujaa ufuoni. Wala dini haikuja kuikataza furaha hii. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha kwa shuka yake apate kuwatazama, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Nawaomba wazee wenzangu tuitafakari sana hiyo "mpaka". Aliyekuwa na shughuli nyingi kuliko sisi sote hakumharakisha mkewe. Alimwachia yeye kipimo.

Mwaka jana, siku ya pili ya Idi ya mfunguo mosi, sisi tulikwenda Marafa. Mwenye kutoka Malindi huvuka daraja la Sabaki, kisha huiacha njia kuu iendayo Garsen na kuingia bara, upande wa Magarini. Mwendo wote ni kati ya kilomita 30 na 40. Hapo kijijini ardhi imekatika ghafla, na chini yake pana korongo la mchanga mgumu uliochongwa na mvua na upepo hata ukawa nguzo na vilele, vyeupe, vya waridi, vya manjano na vyekundu. Wenyeji hupaita Nyari, na maana yake, kwa walivyotueleza, ni mahali palipobomoka penyewe. Wageni wamepaita Jiko la Jahanamu kwa sababu ya joto la mchana lililoko huko chini, jina ambalo mimi silipendi mbele ya watoto.

Usiku wa kuamkia safari, baada ya isha, tuliketi pamoja nikamtaka kila mtu ataje jambo moja tu ambalo akilipata atasema siku yake imetimia. Mama yangu, ambaye magoti hayamsaidii tena, alisema anataka kukaa penye upepo aione Nyari kutoka juu. Habari ya kushuka asitajiwe. Mjukuu wangu wa miaka 7 alitaka kufika chini kabisa. Binti yangu alitaka picha kama aliyoiona kwenye simu: msichana amesimama peke yake ukingoni, na jua linazama nyuma yake. Mama watoto alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nataka siku moja nisishike mwiko."

Watoto walicheka. Yeye hakucheka, nao wakanyamaza. Alikuwa ametoka katika siku 30 za kupika futari na daku, na baada yake asubuhi ya Idi na wageni wake. Kama si swali lile, angaliamka alfajiri akakaanga na kufungasha vyakula vya safari, na sisi tungalimshukuru kwa mapishi mazuri, tukidhani naye amesherehekea pamoja nasi. Wanawake wangapi wa mji wetu huisikia Idi kwa sauti tu, kutoka jikoni?

Basi vijana wangu wawili ndio waliopika. Viazi karai vilizidi chumvi, na mikate ya sinia iliungua chini. Mama watoto alikula asitoe kasoro hata moja, na nadhani kunyamaza kule kulimgharimu zaidi kuliko kupika.

Tulifika saa tisa mchana. Watu walikuwa wengi kupita tulivyodhani, magari yamepangana mpaka barabarani. Mahali pale huendeshwa na wanakijiji wenyewe. Hulipwa kiingilio, kisha kijana wa hapo huongoza watu kushuka. Siku hiyo waongozaji walikuwa wachache na makundi mengi, na zamu yetu ilichukua zaidi ya saa nzima. Mjukuu alilia mara moja, akanyamaza. Njiani tulikuwa tumemwambia wazi, "Tutangoja, na kungoja kutakuwa kurefu." Nimejifunza kwa miaka mingi ya kusomesha chuoni kwamba mtoto aliyeambiwa habari ya kungoja hukuhesabu kuwa sehemu ya safari, na asiyeambiwa hukuona ni hiana. Alishuka, akafika chini kabisa, akaipaka kanzu yake mpya udongo mwekundu ambao haujatoka mpaka leo.

Si kila aliyetaja jambo lake alilipata. Binti yangu alisimama ukingoni mara nane, na kila picha iliingiwa na vichwa vya watu na mwavuli wa mtu asiyemjua. Alikasirika, akakaa kwenye gari peke yake. Sikumhubiria. Wahenga wetu wa baharini walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na picha ya kwenye simu ni nyota ya mtu mwingine: hukuoneshwa umati uliokuwa nyuma ya mpigaji, wala hukuambiwa alikwenda siku gani. Lakini msichana mwenye huzuni hahitaji methali saa ileile. Mama yake alikwenda akakaa naye, naye alikuwa na wasaa wa kukaa, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na sufuria iliyomngoja.

Mama yangu alikuwa chini ya mti pamoja na bibi mmoja wa Kigiriama, mwenyeji wa hapo, aliyemhadithia kisa cha Nyari. Zamani, alisema, palikaa matajiri wenye ng'ombe wengi hata wakawa wanaoga maziwa, na jirani zao hawana cha kunywa. Mungu akaghadhibika, ardhi ikadidimia pamoja nao. Weupe wa korongo ni maziwa yale, na wekundu ni damu yao. Mama aliposikia alisema, "Walikuwa nacho, ila hawakujua kuwa kinatosha." Binti yangu alikuwa amekwisha toka garini, akawapiga picha wazee wale wawili wakicheka. Haina jua wala korongo. Ndiyo picha aliyoibakisha katika simu yake. Zile nyingine amezifuta.

Kwa mwenye kukusudia matembezi kama haya, nina maneno machache.

La kwanza ni sala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, safari ya kupunguza sala ni ya marhala mbili, ambazo hukadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 80. Atokaye Malindi kwenda Marafa hazifikishi, basi asidhani ana ruhusa ya msafiri. Atokaye Mombasa huzifikisha, kwani kutoka Mombasa mpaka Malindi pekee ni kilomita 120 hivi. Chukueni maji ya udhu na misala, na mkifika tu, ulizeni mahali penye stara kwa wanawake. Na kwa kuwa rangi za Nyari hupendeza zaidi jua likielekea kuzama, pangeni kuwa juu kabla ya adhana ya magharibi. Njia ya kupandia haifai gizani, wala sala haingoji picha.

La pili ni wakati. Mchana wa saa sita huko chini si pa mtoto wala pa mzee. Kama kazi inaruhusu, nendeni siku ya nne au ya tano, watu wakipungua. Kama hairuhusu, ambianeni mapema kuwa mtakuta umati, na kwamba umati ule ni Waislamu wenzenu na jirani zenu waliokuja kutafuta mlichokuja kutafuta ninyi.

La tatu ni fedha. Baba na ataje wazi kiasi alicho nacho: hiki cha gari, hiki cha kiingilio, hiki cha watoto kununulia wapendacho. Mtoto anayejua kuwa ana shilingi 100 hufikiri atanunua nini. Asiyejua huomba kila akionacho, na kila akikataliwa huumia.

La nne, na ndilo kubwa kwangu: ulizaneni kabla ya kutoka. Jambo moja kwa kila mtu, si kumi. Mambo kumi hayatimizwi na siku moja, na mwenye kuyataka yote hurudi akihesabu yaliyokosekana. Na mkiulizana, muanzeni aliyezoea kuulizwa mwisho au kutoulizwa kabisa. Katika nyumba nyingi ni yule anayefunga mkoba wa chakula, na jambo atakalolitaja huenda likawa dogo na jepesi kuliko yenu yote. Msicheke. Mpeni.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu mapenzi na kinaa, na atufikishe Idi nyingine tukiwa salama. Wabillahi tawfiq.