Nilipopiga Kigelegele

Baba hapendi gari liende mbio. Mpakie kwenye gari lolote la kwenda Muleba mjini, na kabla hamjafika kona ya kwanza ameshamgonga dereva begani: taratibu. Sisi wanawe tulikuwa tunacheka, maana mzee huyu alikuwa dereva wa jeshi. Katika Vita vya Kagera aliendesha lori kupita Kyaka, akavuka Mutukula, akafika hadi Masaka. Shujaa anayeogopa mashimo, tulisema, naye akitusikia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na Siku ya Mashujaa nilikuwa naiona kama yangu. Kila tarehe 25 Julai niliwapeleka watoto Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa katika vita vile vya 1978 na 1979, zaidi ya 600. Nilikuwa nimewafundisha kusimama wima tarumbeta inapolia, na kukariri nani anaweka nini mnarani: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka. Mwili ulinisisimka kila mwaka. Kilichoniudhi ni baba kubaki nyumbani akihudumia migomba, kofia yake ya jeshi ikining'inia kwenye msumari. Mwaka mmoja nilimwambia, na naona haya kuliandika hili, kwamba watu watadhani alikimbia vita.

"Waache wadhani, mama," akajibu, akaendelea kukata majani makavu.

Kisha ukaja Julai 2013. Mdogo wangu alikuwa Darfur, kwenye kikosi chetu cha kulinda amani. Tarehe 13 wanajeshi wetu wakavamiwa njiani, na habari zilipotufikia tuliambiwa saba wamekufa. Majina hatukuyasikia. Simu yake ikawa haipatikani. Wifi yangu, aliyekuwa akikaa kota za kambini, alinieleza baadaye jinsi wanawake walivyokaa barazani bila kupika, wakitazama njia. Gari la jeshi likiingia, kila mmoja anaomba kimoyomoyo lisisimame mlangoni kwake. Na kila mmoja anajua kwamba lisiposimama kwake litasimama kwa jirani, yule yule aliyemwazima chumvi juzi. Wifi alisema hofu aliizoea kadiri saa zilivyokwenda. Alichoshindwa kukizoea ni ile dua.

Simu iliita jioni, nikiwa uani. Ni yeye, mzima. Nilipiga kigelegele hadi majirani wakaja mbio. Baba akatoka migombani na panga lake mkononi, akasikiliza, akashusha pumzi. Halafu akanitazama.

"Hao saba nao wana dada zao," akasema. Hata sauti hakuipandisha.

Mwaka ule maadhimisho ya kitaifa yalifanyika kwetu, Kaboya. Rais alikuja. Miili ya wale saba ilikuwa imeagwa Dar es Salaam siku chache tu kabla, na watu walifurika. Baba alituambia naye anakwenda. Akaivaa ile kofia, lakini hemani kwa wazee wenzake hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, upande wa magari. Mizinga ilipolia nilikuwa nimemshika mkono, nikahisi anatetemeka. Nikamuuliza kama amechoka.

"Kwenda nilipakia risasi," akasema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo, "na vijana wamekaa juu yake wanaimba. Kurudi, safari nyingine, nilipakia hao hao. Barabara mashimo matupu. Naendesha polepole, mama, kama vile wataumia. Na kila safari nikishuka namshukuru Mungu kwamba mimi ndiye nilikuwa kwenye usukani. Sasa nikakae hemani nipigiwe makofi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikumbuka kigelegele changu.

Bado nawapeleka watoto Kaboya, na tarumbeta bado inanisisimua. Sitaki kujifanya mtu mwingine. Ila zamani niliwaambia kwamba waliolala pale walikufa kwa furaha kwa ajili ya nchi. Siku hizi silisemi tena. Wengine walikuwa mgambo, watu waliotolewa shambani wakapewa bunduki. Nani aliwauliza kama wana furaha? Uzalendo niliokuwa nafundisha ulikuwa wa lori la kwenda tu. Sasa tunafika siku moja kabla, watoto wachache na mimi, tunang'oa majani. Baba huja pia. Huko haulizwi akae wapi.

Siku ile ya 2013 tulirudi kwa pikapu ya kijana mmoja wa kwetu, nyuma wamejaa watu wanaimba. Kijana alikuwa na haraka, anataka kuwahi abiria wengine. Tulipoikaribia sehemu mbovu ya barabara nikamwona baba anaanza kunyoosha mkono wake. Nikamwahi.

"Taratibu," nikamwambia dereva.