Safari ya Saa Moja Iliyokula Kutwa

Tuliondoka Matogoro, penye chemchemi za Mto Ruvuma, ukungu ukiwa bado umelala milimani. Tulikuwa ndugu wawili na mama yetu, twaenda umra. Mama alishika tasbihi, nasi tulishika karatasi ya ratiba: basi kupitia Njombe, Makambako na Iringa hadi Dar es Salaam, njia inayokaribia kilometa 1,000, ndege hadi Jeddah, kisha ndege ya pili hadi Madina. Mstari huo wa mwisho ulitufurahisha zaidi, kwani uliandikwa "saa moja".

Dar es Salaam na Jeddah ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 mashariki. Ndege huelekea kaskazini moja kwa moja, kilometa zipatazo 3,150, na msafiri akishuka hana haja ya kurekebisha saa yake. Tulitua alfajiri ya Ijumaa, tukitaraji kuiswali Ijumaa hiyo katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.).

Kutoka Jeddah hadi Madina kwa anga ni zaidi kidogo ya kilometa 300, kama Songea na Makambako kwa barabara. Lakini aliyetupangia safari alihesabu muda wa ndege kuwa angani tu. Hakuhesabu foleni ya pasi, kungoja mizigo, kuikabidhi upya, wala kuketi tena mlangoni. Kisha ndege yenyewe ikacheleweshwa. Adhuhuri ilitukuta uwanjani. Mama, kwa ajili ya magoti yake, akaswali rakaa zake mbili kitini. Msafiri halaumiwi kwa kupitwa na Ijumaa, hilo twalijua. Hata hivyo hatukuthubutu kumtazama usoni, kwa maana akiba ile ilikuwa ya mahindi yake ya misimu kadhaa, na Ijumaa ya Madina ilikuwa hiyo moja tu katika ratiba.

Tuliingia Madina jua likizama. Maghribi tuliiwahi uani, nje ya msikiti. Mama alilia kwa sauti ndogo, tukamwacha.

Kwenda Makka tulichagua treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018. Njia ni kilometa 450, si mbali na umbali wa Songea hadi Iringa. Mwendo wake hufikia kilometa 300 kwa saa, nasi tulifika kwa muda usiozidi saa mbili na nusu. Ndege ni ya kasi zaidi, hapana shaka. Ila kwenye treni mama alipanda, akaketi, akashuka. Mwenye kusafiri na mzazi mzee na aulize, kabla ya kulipa, saa za kutoka mlango hadi mlango, na apange kufika Madina angalau siku moja kabla ya Ijumaa.

Tuliporudi, jirani mmoja alimwuliza mama kama ni mbali kutoka Jeddah hadi Madina.

"Kwa ndege," akajibu, "ni kutwa."