Barua kutoka Nchelenge: Mwembe wa Jirani na Paa Lililoezuliwa

Nchelenge, Mkoa wa Luapula, Zambia



Katika Wilaya ya Nchelenge, iliyo kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, swali la nani alipe pale mti wa jirani unapoangukia nyumba huulizwa zaidi kati ya Novemba na Aprili, ambayo ni miezi ya mvua, na mara nyingi huulizwa wakati mbaya. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kisheria ili samaki wazaliane, kwa hiyo familia inayoishi kwa ziwa hukosa kipato chake cha kawaida katika miezi ileile ambayo dhoruba huezua mapaa. Na miembe, iliyoenea Luapula nzima, huwa imebeba matunda, hivyo tawi dhaifu hupokea uzito wa maembe, maji ya mvua na msukumo wa upepo kwa pamoja.

Nyumba nyingi kati ya Kashikishi na Nchelenge, miji miwili ya ufukweni iliyokwisha kuungana, hujengwa kwa matofali ya kuchoma au ya kukaushwa juani, na huezekwa kwa nyasi au kwa mabati ambayo pengine hayakupigiliwa vya kutosha bali yamekandamizwa kwa mawe. Kivuli cha mwembe ni neema kwa nyumba ya bati, na kwa sababu hiyo miti hupandwa karibu mno na kuta. Mti unaokaribia kuanguka hutoa dalili ambazo hazihitaji mtaalamu: udongo hupasuka kuzunguka mizizi ya upande upepo unakotokea, uyoga mgumu huota kwenye shina, mchwa hujenga njia zake za udongo hadi kwenye panda za matawi, na shina likigongwa kwa mpini wa shoka hulia kama kitu kilicho wazi ndani. Dalili hizi zina uzito mkubwa mahakamani, kwa maana uwajibikaji wa mwenye mti hutegemea zaidi kile alichokijua, au alichopaswa kukijua, kabla ya dhoruba.

Zambia ilirithi kanuni zilizojengwa na majaji wa Uingereza pamoja na sheria za bunge zilizokuwa zikitumika huko kufikia tarehe 17 Agosti 1911, kama Tanganyika ilivyozirithi kwa kikomo cha tarehe 22 Julai 1920 na Kenya kwa kikomo cha tarehe 12 Agosti 1897. Hukumu za London zilizofuata haziwafungi majaji wa Lusaka, ingawa huwa ni hoja zenye uzito. Kwa kanuni hizo, upepo usio wa kawaida ambao hakuna mtu angeutarajia huitwa tendo la Mungu, na hasara yake hubaki pale ilipoangukia. Katika shauri la Noble dhidi ya Harrison la mwaka 1926, tawi lililokuwa limening'inia juu ya barabara lilikatika hali ya hewa ikiwa nzuri na kuliharibu gari la abiria, lakini mwenye mti hakulipishwa, kwa kuwa ufa uliolivunja ulikuwa umejificha ndani ambako ukaguzi wa kawaida usingeuona. Kinyume chake, mwenye mti aliyeonywa, au ambaye shina lililooza lilikuwa mbele ya macho yake kila asubuhi, hawezi kuitupia dhoruba lawama zote.

Hukumu inayoifaa Nchelenge kuliko zote ilitolewa mwaka 1966 katika shauri la Goldman dhidi ya Hargrave, lililotoka Australia Magharibi na kufikishwa kwa rufaa mbele ya Baraza la Privy, jopo la majaji la London lililosikiliza rufaa za makoloni na nchi nyingine zilizobaki chini ya taji la Uingereza. Mti mrefu uliokuwa ndani ya shamba la mtu ulipigwa na radi ukashika moto. Mwenye shamba aliukata, lakini akauacha moto ujizimie wenyewe badala ya kuumwagia maji, upepo ukavuma na mashamba ya majirani yakaungua. Majaji waliamua kwamba anayekalia ardhi ana wajibu wa kuondoa hatari hata kama imeletwa na maumbile, ila wakaongeza sharti lenye utu mwingi, kwamba wajibu huo upimwe kwa uwezo wa mhusika, kiasi kwamba mgonjwa au mtu asiye na mali asidaiwe yale yanayodaiwa kwa mwenye nguvu na fedha. Kwa kipimo hicho, mjane asiyeweza kumlipa mwenye msumeno anaweza kuwa ametimiza wajibu wake kwa kumwambia jirani kuhusu hatari na kumruhusu aingie kuukata mti, ilhali mfanyabiashara mwenye magari mawili hawezi kujitetea hivyo. Ni haki kabisa, na inastahili kufuatwa katika kila baraza la usuluhishi.

Ng'ambo ya ziwa mambo huanzia mahali pengine. Kongo hufuata sheria iliyotokana na ya Wabelgiji, na amri ya mwaka 1888 kuhusu wajibu wa kiraia humfanya mtu awajibike kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake, isipokuwa akionyesha kwamba nguvu iliyomshinda ndiyo iliyosababisha. Tofauti hiyo imevuka mpaka pamoja na watu. Wakongo waliokimbia mapigano katika mikoa ya Kongo ya Haut-Katanga na Tanganyika walipokelewa mwaka 2017 katika kituo cha Kenani, kisha wengi wakahamishiwa Mantapala, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018 humu humu wilayani, ambako Kiswahili husikika pamoja na Kibemba. Mgeni anayeamini kwamba mwenye mti atalipa tu huenda akanyamaza hadi mti uanguke, na mkimbizi ana sababu nyingine ya kunyamaza, nayo ni hofu ya kumlalamikia mwenyeji aliyempa hifadhi. Ukimya huo humwondolea ushahidi wa onyo, ambao upande huu wa ziwa ndio nguzo ya dai lake.

Onyo linalofaa ni lile linalotolewa wakati wa kiangazi mbele ya mkuu wa kijiji na shahidi mmoja au wawili, mti ukiwa umeonyeshwa kwa kidole. Sehemu kubwa ya ardhi hapa ni ya kimila, iliyo chini ya watawala wa jadi wakiwemo wa Walunda, ambao mkuu wao ni Mwata Kazembe mwenye makao Mwansabombwe. Mipaka ya viwanja hujulikana kwa kumbukumbu za wazee, na shauri likishindikana kijijini hupelekwa katika mahakama ya mtaa, ngazi ya chini kabisa inayotumia sheria za kimila pale zisipopingana na haki. Mti wa asili kama mupundu huleta ugumu zaidi, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2015 inaiweka miti ya maeneo ya kimila mikononi mwa Rais kwa niaba ya Jamhuri hadi itakapokabidhiwa kisheria, na kwa hiyo ni busara kuiuliza ofisi ya misitu kabla ya kunoa shoka.

Tawi linalovuka mpaka jirani anaweza kulikata mwenyewe akiwa upande wake, hata bila taarifa, kama ilivyoamuliwa katika shauri la Lemmon dhidi ya Webb miaka ya 1890. Maembe yaliyomo, hata hivyo, hubaki mali ya mwenye mti.

Dhoruba inapoezua nyumba nyingi kwa mkupuo mmoja, Kitengo cha Kusimamia na Kupunguza Maafa kilicho chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, kinachofanya kazi kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2010, huweza kuleta mahema, chakula au mabati. Huo ni msaada wa dharura, na haumwondolei mwenye mti deni aliloingia kwa uzembe wake. Mahali ambapo nyumba nyingi hazina bima, fidia iliyo karibu zaidi huwa imelala juu ya kuta zilizobomoka: shina la mwembe ni mali ya aliyeumiliki mti, ana wajibu wa kuliondoa, na wazee wanaosuluhisha wanaweza kumwomba aziache mbao na kuni zake zihesabiwe sehemu ya gharama ya bati jipya, mradi makadirio yafanyike kabla shina halijaanza kukatwakatwa.