Kwenda Pamoja si Kwenda Sambamba

Kapo za hapa chuoni zina sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: mkitoka mmetoka wote, mkirudi mmerudi wote. Kantini mnakaa meza moja, maktaba mnawekeana viti, na ukionekana Mabibo peke yako siku ya Jumamosi lazima mtu aulize, "Vipi, mmegombana?" Ndiyo maana tuliporudi kutoka Moshi na medali mbili za nusu marathoni, swali la kwanza halikuwa mlima ulikuwaje. Lilikuwa: "Eti ni kweli ulimwacha jamaa njiani?"

Ni kweli. Nilimwacha kwenye kilomita ya 8, na siku ile ikirudi nitamwacha tena.

Wazo la kukimbia lilikuwa lake. Mwezi wa kumi bumu lilikuwa halijaingia, na kukimbia kutoka Mabibo hadi Mlimani saa 12 asubuhi ilikuwa njia ya kuwa pamoja bila kutumia hela. Baada ya wiki chache nikagundua kwamba mwili wangu unalipenda zoezi hili. Mimi nikawa natumia dakika 6 na nusu kwa kilomita, yeye 7 na nusu. Kwenye kilomita 5 hiyo si shida. Unafika Utawala, unajinyoosha, anatokea. Kwenye kilomita 21.1, dakika moja moja zinageuka kuwa zaidi ya 20. Hesabu hiyo kila mmoja wetu aliijua, na hakuna aliyeitaja. Tulipojiandikisha kwa Kilimanjaro Marathon mpango ulikuwa mmoja: tunakimbia bega kwa bega, tunavuka mstari tumeshikana mikono, tunapigwa picha.

Jumamosi alfajiri tulipanda basi Stendi ya Magufuli pale Mbezi. Ni zaidi ya kilomita 500: Chalinze, Korogwe, Same, Mwanga, alasiri tukawa Moshi. Nilifikia kwa shangazi yangu. Mwenzangu alikuja kusalimia, "Shikamoo shangazi," akapewa bakuli la mtori, akaulizwa kwao wapi, anasoma nini na yuko mwaka wa ngapi, kisha akasindikizwa mpaka getini kwa heshima zote. Alilala gesti. Wale mnaotaka kujua, mmeshajua.

Mbio za Moshi zinaanzia na kuishia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Njia ya nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka, halafu inashuka kurudi mjini. Kwa mtu wa Dar hapo pana kazi mbili. Kwanza, mji wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na sisi tumezoea hewa ya Pwani. Pili, ule mwinuko tunaoringia hapa Mlimani unaumaliza kwa dakika chache. Ule wa Mweka unaupanda, unapinda kona ukidhani umekwisha, unaukuta unakusubiri.

Kuna kipimo ambacho wakimbiaji wanakijua: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, umezidisha mwendo. Kilomita ya 6 nilimuuliza kama anataka maji. Akajibu, "Niko... niko poa." Alikuwa anajikamua ili anifikie, na mimi nilikuwa najibana ili nisimpite. Hatua zangu zilikuwa fupi kuliko zilivyozoea, ndama za miguu zikaanza kukaza. Yaani tulikuwa bega kwa bega, na wote wawili tunaumia kwa sababu ya mwingine. Kilomita ya 8 akasema, "Nenda." Nikamwangalia. "Nenda bwana." Nikaenda.

Nilijua "nenda" ile haikutoka moyoni kote. Ila pia nilijua nina miguu yenye nguvu na kilomita 13 mbele yangu. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 18. Sikumbuki siku nyingine ambayo mwili wangu umenitii vile.

Nikasubiri pale uwanjani, medali nimeishika mkononi, sijaivaa. Baada ya dakika 22 akaingia. Alikuwa anatembea, aliponiona akaanza kukimbia. Picha tulipiga.

Usiku, ndani ya basi la kurudi, hakusema kitu mpaka tukapita Same. Kisha akaniambia kwamba tulivyokuwa na fulana za rangi moja, watu wa pembeni mwa barabara walikuwa wanamwita: "Kaka, dada ameshapita zamani!" Wanacheka. "Kilichoniuma siyo miguu," akasema. "Nilikuwa nawaza ndiyo itakavyokuwa."

Nilielewa anasema nini. Ualimu ni miaka mitatu, uhandisi ni minne. Tuliingia chuo mwaka mmoja. Mimi namaliza Julai, yeye anabaki mwaka mzima.

Nikamwambia, "Nilikusubiri dakika 22."

"Najua. Lakini ulisubiri ukiwa umeshamaliza."

Sikuwa na jibu mpaka Korogwe. Nikakumbuka darasa nililofundisha nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Ukimfunga mwanafunzi mwepesi kwenye mwendo wa mzito, mmoja analala na mwingine anaona aibu. Ukimwacha mwepesi aende, bado una kazi ya yule aliyebaki, na kazi hiyo haifanyiki kwa kumsubiri langoni. Nikamwambia hivyo, kwa maneno mabaya zaidi ya haya, maana nilikuwa na usingizi. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hata Simbu kule Tokyo alipewa saa 2:09:48 sawasawa na yule Mjerumani, na bado dhahabu ikawa moja." Tukacheka mpaka abiria wa mbele akageuka.

Siku hizi bado tunatoka Mabibo wote saa 12, na kila mtu anashika mwendo wake. Nikifika Utawala sisimami tena kujinyoosha; nageuza, narudi kumfuata, tunamalizia pamoja kilomita ya mwisho. Mimi napata mazoezi ya ziada, yeye anapata mtu wa kumtukana kwenye mwinuko.

Kuhusu Julai bado hatujakubaliana. Anataka niombe shule za hapa Dar. Mimi nataka niombe popote penye nafasi. Mwaka mmoja ni mrefu kuliko dakika 22, hilo tunalijua wote. Ila hesabu hii, tofauti na ile ya kilomita, tumeshaanza kuitaja kwa sauti.