Makala Niliyoiandika Januari 2005

Januari 2005 bunge la mpito la Somalia, ambalo lilikuwa likikutana Nairobi kwa sababu Mogadishu haikukalika, liliidhinisha baraza la mawaziri la Ali Mohamed Gedi. Wiki hiyo hiyo niliandika makala ndefu ya kulisifu. Nilisema baraza lile ni kubwa kwa kuwa amani ni ghali, kwamba kila ukoo umepata kiti chake, na kwamba atakayeshika tena silaha hatakuwa na kisingizio. Chini ya makala niliweka jedwali nililolitengeneza kwa mkono wangu: jina la waziri, wizara yake, ukoo wake. Majina yalikuwa sahihi. Hoja ndiyo iliyokuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ilikuwa kubwa. Makala ile ilisomwa sana, ikatajwa redioni, na wapo waliokuja kunishukuru kwa kuwafafanulia jambo gumu. Nimenyamaza muda mrefu. Nawiwa na wasomaji wale maelezo ya jinsi nilivyokosea, na kuna watu wengine ninaowiwa nao zaidi, nitakaowataja baadaye.

Somalia haikuwa na serikali kuu tangu Rais Siad Barre alipoukimbia mji mkuu Januari 1991. Mkutano wa Arta, nchini Djibouti, ulizaa serikali mwaka 2000, lakini serikali hiyo haikuweza kuutawala hata mji wa Mogadishu wote. Oktoba 2002 jumuiya ya kikanda ya IGAD ikawakutanisha Wasomali Eldoret, kisha mapema mwaka 2003 mazungumzo yakahamia Mbagathi, Nairobi, chini ya Balozi Bethuel Kiplagat. Huko Mbagathi ndiko nilikoanza kuyafuatilia kama mwandishi. Nilikuwa kijana mwenye hamu ya kuona jirani zetu wakirudi kwao, na hamu hiyo sijutii hata leo.

Kanuni ya kugawana madaraka ilirithiwa kutoka Arta. Koo nne kubwa, yaani Darod, Hawiye, Dir na Digil-Mirifle, zipate mafungu sawa. Wasomali wengine wote, kwa jumla yao, wapate nusu ya fungu moja. Ndiyo iliyojulikana kama nne na nusu. Katika bunge la watu 275 kila ukoo mkubwa ulipewa viti 61, na wale wengine 31. Vyeo vya juu navyo vikafuata mkondo huo huo: Spika Sharif Hassan Sheikh Aden alitoka Digil-Mirifle, Rais Abdullahi Yusuf Ahmed, aliyechaguliwa Oktoba 2004, alitoka Darod, na Waziri Mkuu Gedi, daktari wa mifugo ambaye wengi wetu hatukuwa tumemsikia, alitoka Hawiye.

Gedi alitangaza baraza la kwanza Desemba 2004. Tarehe 11 mwezi huo wabunge wakalipigia kura ya kutokuwa na imani, mojawapo ya malalamiko yao likiwa kwamba mgao wa koo haukufuatwa. Aliteuliwa upya, akarudi Januari na orodha ndefu zaidi. Nami nikaona fumbo limefumbuka: orodha fupi imekataliwa, orodha ndefu imekubaliwa, basi upana ndio amani. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, bila chembe ya shaka.

Kulitengeneza lile jedwali kungetosha kunizindua. Nilizunguka hoteli walikokaa wajumbe nikiuliza kila jina ni la ukoo gani. Kiswahili kilitosha, maana wengi wao walikuwa wameishi mtaa wa Eastleigh, Nairobi, miaka mingi. Mmoja aliniambia waziri fulani ni Hawiye. Wa pili akasema sawa, ni Hawiye, ila ni wa Abgaal, na Habar Gidir hawamtambui kuwa wao. Wa tatu akasema hata ndani ya Abgaal wapo wanaoona wamerukwa. Niliandika "Hawiye" nikasonga mbele. Kila niliposhuka ngazi moja nilikuta watu wengine wasioridhika, na kila ngazi niliifuta ili jedwali langu lisomeke vizuri. Laiti ningeuandika ule mvurugano kama nilivyouona, msomaji angejua mapema kwamba hakuna idadi ya wizara ambayo ingetosha. Desemba 2007 Waziri Mkuu aliyefuata, Nur Hassan Hussein, alitangaza baraza la watu 73, na bado mawaziri kadhaa walijiuzulu papo hapo wakisema watu wao hawakushauriwa. Akalivunja, akaanza upya na baraza dogo.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba sikuwahi kuuliza waziri anakuja na nini mkononi. Mohamed Qanyare Afrah alipewa Usalama wa Taifa, Musa Sudi Yalahow akapewa Biashara, Omar Finnish Mambo ya Dini, na Botan Ise Alin akapewa wizara iliyohusika na kuwanyang'anya silaha na kuwarekebisha wanamgambo. Wote wanne walikuwa wababe wa kivita wa Mogadishu, kila mmoja na wapiganaji wake, vizuizi vyake vya barabarani na mapato yake. Katika makala niliandika kwamba kuwaingiza serikalini ni kuwafunga kamba. Nani angeishika hiyo kamba? Serikali haikuwa na jeshi lake. Wizara nyingi hazikuwa na ofisi wala karani. Waziri wa Usalama alikuwa na nguvu kuliko dola aliyoapa kuilinda, na cheo kilimwongezea heshima bila kumpunguzia hata risasi moja.

Matokeo hayakukawia. Machi 2005 wabunge walipigana kwa viti na fimbo ndani ya hoteli ya Nairobi kwa sababu ya suala la kuleta majeshi ya nchi jirani. Katikati ya mwaka huo serikali ikarudi nyumbani imekatika vipande viwili: Rais na Waziri Mkuu wakakaa Jowhar, Spika na mawaziri wenye nguvu wakakaa Mogadishu. Februari 2006 bunge lilikutana kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Somalia, Baidoa, ndani ya ghala la nafaka. Mwezi huo huo wale mawaziri wanne niliowataja walikuwa wamejiunga na muungano wa kupigana na kundi la Mahakama za Kiislamu katika mitaa ya Mogadishu, bila idhini ya baraza walilokuwa wajumbe wake. Vita vile viliua mamia ya watu, wengi wao raia. Gedi aliwafukuza kazi mwanzoni mwa Juni, wakati ambapo Mahakama zilikuwa zinauteka mji. Mwisho wa mwaka majeshi ya Ethiopia yakaingia, na yaliyofuata yanajulikana na kila aliyepoteza ndugu huko.

Sisemi kwamba makala yangu ilisababisha hayo. Mwandishi wa Nairobi hana uwezo huo. Nasema kwamba kazi yangu ilikuwa kuuliza, na mahali pa kuuliza nilishangilia.

Jambo jingine nililojutia baada ya kusoma tena makala ile ni hoja ya Burundi. Nilikuwa nimetoa mfano wa mkataba wa Arusha, uliosimamiwa na Mwalimu Nyerere hadi kifo chake Oktoba 1999, kisha na Mandela, ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Nilisema Warundi, kwa mipango iliyotokana na mkataba huo, wanagawana serikali kwa asilimia, Wahutu wasizidi 60 na Watutsi wasizidi 40, basi kwa nini Wasomali washindwe? Nilisoma nusu ya mkataba. Arusha iligusa pia jeshi, kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya askari, na miaka iliyofuata, kwa mazungumzo mengine marefu na makundi yaliyokuwa bado msituni, wapiganaji waliingizwa katika kikosi kimoja chenye amri moja. Ugawanaji wa viti uliegemea ugawanaji wa silaha. Huko Mbagathi viti viligawanywa, silaha zikabaki kwa wenyewe. Tofauti hiyo ilikuwa imeandikwa waziwazi katika nyaraka nilizokuwa nazo mezani, nami nilitoa asilimia nikaacha bunduki, kwa sababu asilimia ziliifaa hoja yangu.

Sasa nije kwa wale ninaowiwa nao zaidi.

Mama yangu ni wa Faza, kisiwani Pate, Mbajuni. Ndugu zetu walikuwa wametapakaa hadi Kismayu na visiwa vya Chovai, Chula, Koyama na Ngumi, wakivua na kusema lugha ile ile niliyoisikia kwa bibi. Kaskazini zaidi kuna Wabarawa, wenye Kiswahili chao cha Chimwiini. Bondeni mwa Juba kuna wakulima ambao mababu zao waliletwa utumwani karne ya kumi na tisa kutoka Tanganyika na kusini yake. Wapo kati yao waliohifadhi Kizigua hadi leo, na waliokimbia vita wakapokewa Handeni, Tanga, walikokuta lugha yao inasemwa sokoni. Hao wote, pamoja na Wabenadiri wa Mogadishu na mafundi wa chuma na ngozi waliodharauliwa kwa vizazi, ndio waliowekwa ndani ya ile nusu. Hawakuwa na wanamgambo wa maana. Katika miaka ya vita waliporwa, wakanyang'anywa mashamba na nyumba, wakajaa majahazi kuelekea Mombasa.

Mjomba wangu mmoja wa mbali alikuwa katika majahazi hayo. Alitoka Chula, akakaa kambi ya wakimbizi ya Jomvu hadi ilipofungwa, kisha akabaki Mombasa. Makala yangu alisomewa na mjukuu wake, na nilipokwenda kumwamkia akaniuliza, "Mpwa wangu, katika hiyo nusu, sisi tuko wapi?" Nikamjibu, "Mjomba, kidogo si haba. Serikali ni changa, mambo yatakuja." Alinitazama, akasema, "Waliotutoa kisiwani wana wizara. Sisi tuna wewe, nawe wasema kidogo si haba." Nilikasirika. Nilimwona mzee asiyeelewa siasa. Nilimweleza mambo ya uwiano na hatua za mpito kwa sauti ya mwalimu, yeye ambaye alikuwa amepoteza mashua, nyumba na kaka.

Alikuwa ameelewa kuliko mimi. Nusu ile haikutokana na sensa, maana hakuna hesabu ya watu iliyofanywa iliyosema wao ni nusu ya ukoo mmoja. Ilitokana na nguvu: asiye na bunduki alipimiwa kilichosalia. Nami, mtoto wa mwanamke Mbajuni, nilikiita haki, nikakichapisha katika jedwali, na katika safu ya ukoo, mbele ya majina yao machache, nikaandika "wengineo". Mjomba amefariki. Sikumwomba radhi, na hili ndilo linalonisumbua kuliko yote niliyoandika hapa.

Wanawake nao. Katiba ya mpito ilisema wasipungue asilimia 12 ya wabunge, hawakufika. Tangu Arta, Asha Hagi Elmi na wenzake walikuwa wamejitangaza kuwa ukoo wa sita kwa sababu mwanamke aliyezaliwa ukoo mmoja na kuolewa katika mwingine hawakilishwi na wowote. Mwaka 2004 alikuwa miongoni mwa waliotia saini makubaliano ya Nairobi. Nilimsikia akizungumza, nikavutiwa, kisha nikaenda kuandika mambo ya mawaziri. Jedwali langu halikuwa na nafasi ya kumweka mtu wa aina ile.

Mwaka 2008, baada ya damu kumwagika Kenya, sisi wenyewe tuliunda serikali ya nusu mkate yenye mawaziri 40. Wasomaji kadhaa waliniomba niandike kuitetea kwa hoja zangu za Somalia. Sikuandika. Wakati huo nilikuwa nimeshajua kwamba nilikosea, na sikuwa na ujasiri wa kulisema.

Hata hivyo siungani na wanaosema kwamba koo zisingetajwa kabisa. Mwaka 1991 watu waliuawa kwa ukoo wao, na mtu aliyeuliwa nduguye kwa jina la ukoo hawezi kuambiwa aingie katika serikali ambamo hamwoni wa kwake hata mmoja. Ugawanaji ulihitajika. Ila baraza lingeweza kuwa dogo, na uapisho ungeweza kusubiri hadi mwenye wapiganaji akabidhi orodha yao, silaha zao na vizuizi vyake vya barabarani. Walio ndani ya nusu wangeweza kupewa kura ya kuzuia uamuzi unaohusu ardhi yao, badala ya viti visivyozuia lolote. Inawezekana wababe wale wangesusa, Mbagathi ikafungwa bila serikali yoyote, na wapatanishi waliokesha miaka miwili wakaambulia patupu. Nimewauliza baadhi ya waliokuwepo, na wao wenyewe hawakubaliani. Lakini Januari ile, mawaziri wakiwa bado Nairobi na wafadhili wakiwalipia vyumba, masharti hayo yangeweza kutajwa hadharani. Nilikuwa na ukurasa mzima wa gazeti, na sikuyataja.