Amana ya Mjane: Katika Jumba la Van Gogh, Amsterdam

Amsterdam ni mji wa mifereji, na mgeni aliyezoea mkondo wa Lamu huona ajabu maji kupangwa kama barabara. Lakini safari hii hatukuyajia maji. Tulipanda tramu hadi uwanja mpana uitwao Museumplein, palipo na jumba la makumbusho lililojengwa kwa ajili ya mchoraji mmoja: Vincent van Gogh, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1853 na kufariki mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 37 tu.

Tiketi hukatwa mapema kwa intaneti, na kila tiketi ina saa yake ya kuingia. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, jambo litakalowafurahisha wazazi wenye watoto wengi. Jengo lenyewe, alilolibuni Gerrit Rietveld, halina mapambo: kuta zilizonyooka, ngazi katikati, na mwanga wa mchana unaoshuka kutoka juu. Twaona ni afadhali, kwani rangi zilizomo zatosha.

Mbele ya picha ya Wala Viazi, ya mwaka 1885, tulisimama kitambo. Jamaa ya wakulima watano imeizunguka meza chini ya taa moja. Viazi vya moto vimo katika sahani moja, na mwanamke mmoja anamimina kahawa. Nyuso hazikupambwa, na mikono ni mikavu, ya rangi ya udongo. Mchoraji mwenyewe aliandika kwamba alitaka ionekane kuwa mikono hiyo inayofikia sahani ndiyo iliyolima ardhi. Aliyekua akila sinia moja na nduguze hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Wageni wengi huharakia alizeti, nazo kweli zinawaka. Na kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha sikio alilojikata alipopatwa na maradhi ya akili. Sisi twaona kisa cha mke wa nduguye ni kikubwa kuliko hicho, nacho ndicho kilichotupeleka.

Vincent alichora kwa miaka kumi tu, na karibu muda huo wote alikuwa akilishwa na mdogo wake, Theo, mfanyabiashara wa picha mjini Paris. Theo alimpelekea fedha, naye akampelekea picha. Vincent alifariki Julai 1890; miezi sita baadaye, Januari 1891, Theo naye akafariki. Akabaki mjane, Johanna, ambaye watu walimwita Jo, mwenye umri wa miaka 28, na mtoto asiyetimiza mwaka. Urithi wake ulikuwa mamia ya picha ambazo wakati ule watu wachache walizitaka.

Jo alirudi Uholanzi na picha zake, akafungua nyumba ya kupokea wageni wa kulipa katika mji mdogo wa Bussum. Katika shajara yake aliandika kwamba Theo alimwachia, pamoja na mtoto, kazi nyingine: kuzifanya picha za Vincent zionekane na kuthaminiwa. Basi kuta za nyumba ile zikajaa picha, naye akawa anapika, anafasiri vitabu, analea, na jioni anasoma barua za marehemu. Picha nyingine aliziuza, kwa hesabu iliyoandikwa daftarini. Nyingine alikataa katakata kuziuza. Mwaka 1905 alikodi vyumba katika jumba la makumbusho la Stedelijk, lililo jirani na hili, akaonyesha kazi zaidi ya 480. Mwaka 1914 akachapisha barua za Vincent kwa Theo. Alifariki mwaka 1925.

Picha moja haikuuzwa kamwe. Ni matawi ya mti wa lozi yaliyochanua maua meupe juu ya anga ya buluu. (Lozi hii ni ile ya vyakula vya arusi, si kungu zetu za pwani.) Vincent aliichora Februari 1890, akiwa hospitalini Saint-Rémy huko Ufaransa, baada ya kupata habari kwamba Jo amejifungua mwana na kwamba mtoto amepewa jina lake. Lozi huchanua mapema, baridi ingalipo. Tulipoifikia, akina mama waliokuwa mbele yetu walikuwa wamenyamaza, na mtoto mmoja aliyebebwa alikuwa akiyanyoshea maua kidole.

Somo yake huyo, Vincent Willem, alikua akawa mhandisi. Mwaka 1962 aliikabidhi hazina yote kwa wakfu wa familia, kwa sharti kwamba serikali ijenge jumba la kuihifadhi: picha za rangi zaidi ya 200, michoro ya kalamu na mkaa ipatayo 500, na barua mamia. Jumba lilifunguliwa mwezi Juni 1973. Mtoto aliyechorewa maua ya lozi alikuwa na umri wa miaka 83.